Refa Abebeshwa Mzigo wa Nani?

Kila Kombe la Dunia likikaribia, barazani kwetu hufufuliwa kesi ya mkono wa Maradona. Kahawa haijafika kikombe cha pili, watu wameshagawanyika: huyu asema refa alikuwa kipofu, yule asema alipendelea. Mimi leo namtetea huyo refa, kwani naona amebebeshwa mzigo usio wake.

Kisa chenyewe ni cha tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca, Mexico. Robo fainali baina ya Argentina na Uingereza. Dakika ya 51 mpira ulipaa juu. Mlinda mlango Peter Shilton akaruka, na Maradona, mfupi wa kimo, naye akaruka. Mpira ukaingia wavuni. Waingereza wakamzonga refa, Ali Bin Nasser wa Tunisia, wakimwonyesha mikono yao. Yeye alikuwa amekwisha kumtazama mshika kibendera, Bogdan Dochev wa Bulgaria. Kibendera hakikuinuliwa. Bao likakubaliwa, na Argentina ikashinda 2-1.

Tupime kwa insafu. Bin Nasser ameeleza kuwa mkono hakuuona, na kwamba waliagizwa na FIFA kufuata kauli ya mwenzao aliye mahali pazuri zaidi. Hata kadhi hahukumu kwa fununu. Huhukumu kwa dhahiri na kwa ushahidi. Angelikataa bao kwa sababu ya makelele ya waliofungwa, hukumu hiyo ingekuwa na msingi gani? Mitambo ya video iliyoingia Kombe la Dunia mwaka 2018 ingemfichulia, lakini mwaka ule alikuwa na macho yake na shahidi wake, basi.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyejua bila shaka yoyote ni mwenye mkono, naye alipoulizwa alifanya mzaha, akautaja mkono wa Mungu. Astaghfirullah! Wengi wakacheka, wakamsifu kwa ujanja. Matusi yakamwangukia refa.

Mwaka 2015 Maradona alimzuru Bin Nasser huko Tunisia, akampa jezi yenye saini yake na kumwita rafiki wa milele. Ni uungwana, sikatai. Lakini neno moja uwanjani, siku ile, lingalimfaa zaidi.

Basi, enyi wanabaraza, refa mwacheni. Nijibuni hili: mkono ule ungalikuwa wa mwanao, ungalimwambia aseme kweli, au nawe ungalishangilia?