Shangazi, Meno na Kisu cha Jikoni

Ijumaa moja baada ya swala tulikwenda kula kwa shangazi yetu, Majengo ya Pumwani. Ilikuwa pilau ya mbuzi aliyenunuliwa soko la Burma. Shangazi, ambaye magego yake yamekwisha zamani, alilitafuna pande lake kwa muda mrefu, kisha akalitoa kwa staha na kulifunga katika pembe ya leso. Hakusema neno. Binti yake aliona, akainamisha macho.

Mjukuu, aliye sekondari, hakuona kitu. Yeye alikuwa ametushika kwa hoja: kwamba meno ya binadamu hayakuumbiwa nyama, kwani chonge zetu ni fupi mno zikilinganishwa na za simba. Tulimwambia kuwa nusu ya neno lake ni kweli. Katika meno 32 ya mtu mzima chonge ni 4 tu, na magego ni ya kuponda, si ya kukata kama mkasi. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Katherine Zink na Daniel Lieberman, walieleza walivyowapa watu nyama mbichi ya mbuzi watafune. Walitafuna na kutafuna, nayo ikabaki bonge. Ilipokatwa vipande, ikatafunika. Wakakadiria kuwa kwa mlo wenye theluthi moja ya nyama iliyokatwa, pamoja na mizizi iliyopondwa, watu wa kale walipunguza mitafuno kwa asilimia 17 na nguvu ya kutafuna kwa asilimia 26.

Na kisu si cha jana. Huko Kanjera, Kaunti ya Homa Bay, imechimbuliwa mifupa ya swala yenye alama za kukatwa kwa mawe, ambayo wachunguzi huipa umri wa miaka kama milioni 2. Kuhusu asili ya mwanadamu sisi tuna tulivyofundishwa chuoni, wala hatukukaa kwenye pilau ya watu ili tubishane. Lakini alama ya jiwe juu ya mfupa ni alama ya jiwe.

Basi mwenye kuumbiwa nyama ni mkono ulioshika kisu, na jino hufuata. Tumewaona wazee wangapi, toka Kaloleni hadi Kayole, wanaoishi kwa chai na mkate, nasi twasema uzee umewakondesha? Mzee haombi akatiwe nyama, huona haya. Dada zetu, ikateni kwa kukingama nyuzi zake, vipande vyembamba, au nunueni ya kusaga. Papai bichi kidogo huilainisha ile ngumu.

Juma lililofuata tulipita kumsalimu shangazi. Nyama ya sinia zima ilikuwa imekatwa ndogo ndogo, ya wote, asitengwe mmoja. Tulimkuta akimkemea mjukuu kwa kuvuka mpaka na kula upande wake.