Penye Wazee Haliharibiki Neno, Hata kwa Tembo

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kusafiri kwa basi kutoka Arusha kwenda Dodoma, bila shaka umepita Kwakuchinja. Abiria wengi hapo huwa wamekwisha sinzia. Mkono wa kushoto iko Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970. Mkono wa kulia iko ile ya Ziwa Manyara, iliyoanzishwa mwaka 1960. Katikati ni vijiji, mashamba, maduka na lami unayopita juu yake. Hapo hapo ndipo tembo, nyumbu na punda milia walipokuwa wakipita tangu kabla ya lami hiyo kumwagwa.

Mipaka ya hifadhi tuliichora sisi wanadamu, wanyama hawakuulizwa. Wakati wa kiangazi hujazana Tarangire kwa sababu ya mto wenye jina hilo, ambao hutunza maji wakati pengine pamekauka. Mvua zinyeshapo, hutawanyika. Nyumbu huelekea mashariki, kwenye mbuga za Simanjiro, ambako majani yana madini kama fosforasi, yanayohitajiwa sana na mama anyonyeshaye. Huko ndiko huzaa. Kwa hiyo Tarangire, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba 2,850, ni kama nyumba yenye kisima lakini shamba lake liko mbali. Ukiifunga njia ya shambani, wenye nyumba watakufa njaa kando ya kisima.

BIBI NA UKAME WA 1993

Tembo wana hazina ambayo haionekani kwa macho. Kila ukoo huongozwa na jike mzee, bibi wa wote, naye ndiye ajuaye njia.

Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga Tarangire. Watafiti waliokuwa wakizifuatilia koo tatu za tembo waliona kwamba katika muda wa miezi tisa watoto 16 kati ya 81 walikufa. Koo mbili zilitoka hifadhini kutafuta malisho na maji kwingine. Ukoo wa tatu ulibaki, nao ndio uliopoteza watoto wengi zaidi. Ukoo huo haukuwa na majike wazee wa kutosha, kwani ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umewamaliza. Watafiti walieleza kwamba huenda mabibi wa koo zile mbili walikumbuka ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961, wakajua pa kukimbilia. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno.

Lakini jiulize, ndugu msomaji: bibi huyo akikumbuka njia, kisha akaikuta imezibwa kwa nyumba na nyua, kumbukumbu yake itamfaa nini? Tena wanyama waliofungiwa mahali pamoja huishia kuzaana ndugu kwa ndugu, na ukame au maradhi yakija hakuna wageni wa kujaza pengo.

MKULIMA NAYE ANA HAKI

Isidhaniwe kwamba mkulima ndiye adui. Yeye naye ana watoto, na tembo wachache wanaweza kuteketeza kwa usiku mmoja mahindi ya msimu mzima. Anayemlaumu mkulima huyo hajapata kulala shambani akipiga debe gizani.

Hata hivyo, ziko njia za kuishi pamoja. Wakulima wengine huzungushia mashamba yao kamba zilizopakwa pilipili, au hutundika mizinga ya nyuki, maana tembo huwaogopa nyuki. Katika Ranchi ya Manyara, ng'ombe na wanyamapori hulisha katika ardhi moja. Huko Simanjiro, katika miaka ya 2000, wanakijiji walikubali kutolima sehemu ya malisho yao na badala yake wakalipwa na makampuni ya utalii. Mifugo yao ikaendelea kulisha hapo. Mwaka 2018 Serikali ilitoa kanuni za kulinda shoroba, yaani mapito ya wanyama. Lakini kanuni pekee haifungui njia. Hapana budi anayeishi kando ya njia hiyo aone faida yake mezani.

Na wewe uliye mjini unahusika. Usafiripo, mwonye dereva anayekimbiza gari mahali penye alama ya wanyama. Kumgonga nyumbu usiku ni kuhatarisha roho za abiria wote. Ukitaka kununua kiwanja kando ya barabara kuu, usiulize bei tu, bali uliza pia ni nani waliokuwa wakipita hapo. Na basi lifikapo Kwakuchinja, mwamshe mwanao, umwonyeshe pande zote mbili za barabara, umweleze kwamba hii ni njia ya watu, na ile inayoikata ni ya wengine waliotutangulia.