Hesabu ya Kurudisha Vinamasi vya Chumvi

Kinamasi cha chumvi ni ardhi tambarare ya pwani ambayo bahari huifunika wakati wa bamvua, na ambayo huota nyasi zinazostahimili chumvi. Katika nchi za baridi hushika nafasi ambayo katika pwani za joto hushikwa na mikoko. Kwa karne nyingi wakulima wa Ulaya walivizungushia vinamasi hivi matuta, wakavikausha na kuvilima. Siku hizi baadhi ya matuta hayo hubomolewa makusudi ili maji yarudi.

Medmerry, kusini mwa Uingereza, ni mfano mzuri wa kupimia faida ya kazi hiyo. Mashamba na nyumba za huko zilikingwa na ukingo wa kokoto uliohitaji kukarabatiwa kila majira ya baridi, na mwaka 2008 mafuriko yakaleta hasara ya mamilioni ya pauni. Serikali ikajenga tuta jipya la kilomita 7 upande wa bara, kisha Septemba 2013 ukingo wa kale ukakatwa. Mradi uligharimu takriban pauni milioni 28 na kuzaa hekta 183 za makazi ya viumbe wa maji kujaa na kupwa.

Ukigawanya, kila hekta imegharimu zaidi ya pauni 150,000. Namba hiyo hutisha, lakini hupotosha pia, kwa kuwa ndani yake limo tuta linalolinda nyumba 348. Isitoshe, kubaki na ukingo wa zamani hakukuwa bure. Kosa kubwa katika mijadala ya aina hii ni kulinganisha mradi na hali isiyo na gharama, hali ambayo haipo.

Faida iliyo imara zaidi ni kinga. Majaribio yaliyofanywa katika mfereji mkubwa wa mawimbi huko Hannover, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba hata wakati wa dhoruba mita 40 za kinamasi hupunguza mawimbi, na hadi asilimia 60 ya upungufu huo hutokana na mimea yenyewe. Tuta lenye kinamasi mbele yake hupigwa kidogo. Zaidi ya hayo, samaki wachanga hupata malezi na ng'ombe hupata malisho. Faida ya kuhifadhi kaboni katika tope husifiwa mno. Ni kweli kwamba tope hujaa haraka katika kinamasi kipya, lakini sehemu ya kaboni hiyo imeletwa na maji kutoka kwingine, na haifai kuhesabiwa kama pato la mradi.

Jambo linaloweza kugeuza jibu zima ni muda. Gharama hulipwa mwanzoni, ilhali faida huja kwa miongo. Wizara ya Fedha ya Uingereza hupunguza thamani ya faida za baadaye kwa asilimia 3.5 kwa mwaka katika miaka 30 ya kwanza, kisha asilimia 3. Kwa kipimo hicho, pauni 100 zitakazookolewa baada ya miaka 50 huhesabiwa leo kama pauni 20 hivi.

Halafu kuna suala la nani anapoteza. Mkulima hupoteza shamba mara moja, wakati kinga na samaki ni vya wengi. Fidia yake ni gharama halisi ya mradi, na bajeti isiyoiweka wazi inamtwisha yeye mzigo wa wote.