Watu hawalipii sanaa: kweli au uongo?

Mama ameshainuka kitini, lakini bado anasubiri. Mwimbaji hajafika kwenye ubeti anaoutaka. Ubeti unapoingia, anatoka kwa madaha, noti ameibana kati ya vidole viwili, anasogea mbele huku akicheza na kumwekea mwimbaji mkononi. Kabla ya kurudi kwake anatupa jicho upande wa pili wa ukumbi, na anayehusika anajua kwamba ujumbe ni wake.

Huko ndiko kutunza, na aliyekulia mwambao amekuona tangu utotoni. Kwa hiyo huniuma ninapowasikia viongozi wa mitaa, hata wazazi wenzangu, wakisema kwamba jamii zetu haziko tayari kugharimia sanaa. Nimeyachukua madai ninayoyasikia mara nyingi, nikayapima.

Dai: Wananchi wa kawaida hawaitolei sanaa chochote.

Uongo. Wanaitolea fedha, nguvu na muda wao, ila hakuna anayeweka hesabu. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, kilianzishwa mwaka 1905. Kimepita enzi ya masultani, ukoloni wa Mwingereza na Mapinduzi, na hakuna kikundi kinachovuka tawala zote hizo bila wanachama na wapenzi wa kukibeba.

Ushahidi mkubwa kuliko wote, kwangu mimi, uko Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1977 wanakijiji, wengi wao wakulima na vibarua, walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuchukua watu wapatao 2,000. Hapo ndipo walipoigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wazee walisimama pembeni wakisahihisha lugha, wafanyakazi wakaeleza hali halisi ya kiwandani, na maandishi yakabadilika kufuata maneno yao. Maonyesho yalipoanza, watu walitoka mbali kuja kutazama. Jamii ikiiona kazi kuwa ni yake, haihitaji kubembelezwa kuichangia.

Na Usukumani je? Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, kama yale ya sikukuu ya Bulabo kule Bujora, Mwanza, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mtazamaji huenda anakovutwa, na upande uliokusanya umati mkubwa ndio mshindi. Hapo miguu ya watu ndiyo kura. Ndiyo maana wachezaji hubuni vituko kila mwaka, na wengine hutoka na chatu.

Dai: Sanaa yenye mashabiki hujilipa yenyewe.

Uongo, na huu ndio unaotuponza zaidi. Tamasha la Sauti za Busara lilianza Zanzibar mwaka 2004 na limekuwa likijaza watu Ngome Kongwe kutoka kila pembe ya dunia. Pamoja na hayo, mwaka 2016 halikufanyika, kwa sababu fedha hazikutosha. Lilirudi mwaka uliofuata.

Kiingilio peke yake hakifui dafu. Nyuma ya jukwaa kuna mitambo ya sauti, umeme, nauli na malazi ya wasanii, walinzi, na wiki nyingi za mazoezi ambazo mtazamaji hazioni. Ukipandisha tiketi ili kufidia yote hayo, jirani wa tamasha ndiye wa kwanza kubaki nje ya ukuta, akisikiliza muziki wa nyumbani kwake kama mpita njia. Maktaba ya umma haiendeshwi kwa faida, na hakuna anayesema haina wasomaji. Sanaa nayo tuipime kwa kipimo hicho.

Dai: Wafadhili wa nje watatubebea mzigo.

Kweli, lakini kwa muda tu. Chuo cha muziki cha DCMA kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kimewafundisha vijana wengi udi, kanuni na fidla. Kwa miaka mingi kilitegemea sana misaada kutoka nje. Misaada ilipokauka, mwaka 2019 chuo kikawa ukingoni mwa kufungwa. Simlaumu mfadhili, kwani aliyekualika chakula hakuahidi kukulisha maisha.

Dai: Zahanati na barabara kwanza, sanaa itasubiri.

Nusu kweli. Mama mjamzito hawezi kusubiri, na sitabishana na anayemtanguliza. Lakini mara nyingi vikundi vyetu haviombi fedha. Vinaomba mahali. Kikundi nilichokuwa mweka hazina wake kiliomba ukumbi wa shule Jumamosi alasiri. Tukatajiwa kodi iliyozidi mapato yote ya onyesho. Jumamosi ile nilipita pale nikaukuta ukumbi umepigwa kufuli, hamna mtu ndani, na watoto wetu wakifanya mazoezi chini ya mwembe huku ngoma zikilowa mvua. Kuufungua mlango ule kusingepunguza hata kidonge kimoja cha zahanati.

Njia nyingine zipo. Halmashauri za Tanzania Bara hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha sanaa cha vijana kilichosajiliwa na chenye mpango wa biashara unaoeleweka kina sababu ya kubisha hodi. Ila kikumbuke kuwa mkopo hurudishwa. Kenya nayo, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, kumbi zake zikiwemo. Mkenya anayeidai kaunti yake ukumbi anadai lililoandikwa.

Dai: Fedha ya umma humziba msanii mdomo.

Nusu kweli pia, na hofu hiyo ninaiheshimu. Lakini turudi Kamiriithu. Ukumbi ule ulisimama kwa nguvu za wanakijiji, na bado Novemba 1977 kibali cha maonyesho kilifutwa. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Kutochukua fedha ya serikali hakukuwalinda. Msanii hulindwa na wingi wa mikono inayomshika: kidogo kutoka kwa halmashauri, kidogo kwa wafanyabiashara wa mtaani, kidogo kwa wanachama, na kile cha mlangoni. Mmoja akikasirika, wengine wanabaki.

Sasa nasema nawe msomaji unayetunza arusini na kuchangia sare za kikundi cha mtaa. Kwa sheria ya Tanzania Bara, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Habari za ngoma na maigizo hutajwa kwenye “mengineyo”, watu wakiwa wameshashika viatu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla ya mkutano ujao, uombe ukumbi wa vikundi uandikwe kuwa ajenda inayojitegemea, kisha uende na majirani zako siku hiyo.