Mtoto Aliyevimba Miguu Hakubemendwa



Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akivimba miguu, majirani hapa Magomeni, Kilosa, hunong'ona: "Amebemendwa." Mama huona aibu, humficha mtoto ndani, na anapofika kwetu siku nyingi zimepita. Ugonjwa huu ni unyafuzi, na chanzo chake kikubwa kimo chunguni.

Kila kiumbe hai, awe mtu, kuku au mhindi shambani, amejengwa kwa wanga, mafuta, protini na viini vya urithi. Wanga ni mnyororo wa sukari. Tumbo huukata, mwili ukauchoma kama kuni. Protini ni mnyororo wa vipande viitwavyo amino asidi, aina 20. Mwili huvipanga upya kuwa nyama, damu na nywele. Lakini vipande 9 hatuwezi kuvitengeneza, lazima tuvile.

Mahindi yana protini kidogo, tena yamepungukiwa kipande kiitwacho lisini. Uji mweupe basi hushibisha, haujengi. Maharage, kunde na mbaazi zina lisini nyingi, ila zimepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja hukamilishana. (Bibi zetu walipika makande bila kusoma kemia!)

Mtoto akikosa vyakula hivi, kisha akapata surua au kuharisha, maji huvuja kutoka kwenye mishipa ya damu. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, naye mama hudhani mtoto amenenepa.

Jina "kwashakoo" limetoka Ghana. Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935: ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapokuja. Kumbe wazee wa kule na wa kwetu waliona jambo lilelile! Mimba huingia, mtoto huachishwa ziwa ghafla, hubaki na uji mtupu. Kosa si la tendo la ndoa.

Endelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Maharage yachemshwe hadi yalainike kabisa, yamenywe, yapondwe, yachanganywe katika uji. Dagaa waliotwangwa, yai au maziwa ni bora zaidi. Karanga zenye ukungu zitupwe.

Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Kishimo kikibaki, mlete mtoto hospitali siku hiyohiyo, wala usimpe dawa ya kukojoza maji.