Je, Wajua? Daftari Hukuonyesha Unachokipenda

Je, wajua kwamba Anne Frank hakuanza shajara yake akijua kuwa yeye ni mwandishi? Alipewa daftari lile Amsterdam tarehe 12 Juni 1942, siku alipotimiza miaka 13, na kurasa za mwanzo zimejaa habari za shule na marafiki. Kufikia Aprili 1944 aliandika katika shajara yake kwamba anataka kuwa mwandishi wa habari na wa vitabu. Muda mfupi baadaye akaanza kuiandika upya iwe kitabu.

Je, wajua kwamba Charles Darwin alipelekwa Cambridge asomee uchungaji, baada ya udaktari kumshinda? Katika safari ya meli ya Beagle, 1831 hadi 1836, aliandika kila alichokiona, na kurasa za mawe na miamba zikazidi mno zile za wanyama. Aliporudi, habari ya uchungaji ilikuwa imekwisha.

Je, wajua kwamba Marion Milner alichukua miaka mingi kujibu swali moja? Mwingereza huyu alianza mwaka 1926 kuandika kila siku kilichomfurahisha kweli, si kile alichodhani kinapaswa kumfurahisha. Alihisi anaishi kwa kufuata matarajio ya wengine. Kurasa zilimshangaza: furaha yake ilikuwa katika mambo madogo ambayo hakuwahi kuyatilia maanani, tena ilitegemea namna anavyotazama. Alipoacha kuibana akili yake mahali pamoja, hata muziki aliusikia vingine. Mwaka 1934 alitoa kitabu, A Life of One's Own, kwa jina la Joanna Field. Akaja kuwa mtaalamu wa kuchambua nafsi, na pia alichora. Kwangu mimi, hakuna ushahidi bora kuliko huu kwamba mtu anaweza kujisoma.

Je, wajua kwamba Abdulrazak Gurnah alianza kuandika akiwa na miaka 21, ugenini Uingereza, mbali na Zanzibar yake? Nobeli ya Fasihi ilimfikia mwaka 2021.

Je, wajua kwamba kuamini kuwa shauku imejificha mahali inakungoja kunaweza kukudhuru? Mwaka 2018 watafiti Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Washiriki walionyeshwa video ya kusisimua kuhusu mashimo meusi ya angani, kisha wakapewa makala ngumu juu ya jambo hilo hilo. Waliofundishwa kwamba shauku ya mtu imekwisha kupangwa ndani yake walipoa zaidi mambo yalipokuwa magumu. Waliofundishwa kwamba shauku hukuzwa hawakupoa kiasi hicho. Kwa hiyo usilifunge daftari kwa sababu somo ulilolipenda Jumatatu limekuchosha Alhamisi. Andika ni sehemu gani iliyokuchosha.

Je, wajua kwamba kalamu inaweza kukuhuzunisha kwanza? Watafiti James Pennebaker na Sandra Beall walieleza mwaka 1986 jinsi wanafunzi walivyoandika mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walikuwa na majonzi zaidi papo hapo, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi.

Je, wajua kwamba sentensi kama "napenda kusaidia watu" haikufumbulii chochote? Andika saa na kitendo: "Saa kumi jioni nilikaa kwa fundi cherehani, nikamuuliza jinsi ya kukata kola hadi taa zikawashwa, na chai yangu ikapoa." Hapo kuna mtu, kuna kazi, na kuna muda uliopotea bila wewe kujua. Baada ya wiki kadhaa rudi nyuma na kalamu ya rangi nyingine, uzungushie duara vitendo vinavyojirudia. Kama cherehani imejitokeza mara tano na ndoto yako ya kuwa, tuseme, wakili haijatajwa hata mara moja, nenda kwa fundi ukaombe kukata kola moja kwa mkono wako.