Kwa Nini Makinda ya Kipanga Hufa Mjini

Bila shaka umepata kumwona mwewe akinyakua kifaranga uani. Mwewe na kipanga ni ndege wawindao, yaani huishi kwa kula nyama ya viumbe wengine. Baadhi yao wamehamia mijini, ambako windo ni tele. Hebu tuone yaliyowapata kipanga wa mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani.

Tucson ni mji uliojengwa jangwani. Wakazi wake wamepanda miti mirefu, nao huwawekea ndege nafaka na maji nje ya nyumba zao. Hua na njiwa wakawa wengi mno. Kipanga wa Cooper, ambaye huwinda ndege, akajenga viota vyake katika miti hiyo.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walichunguza viota hivyo. Nje ya mji, makinda waliokufa hawakufika 5 katika kila 100. Ndani ya mji walikufa zaidi ya nusu. Chakula hakikukosekana, wazazi walileta hua na njiwa kwa wingi. Basi makinda waliuawa na nini?

Wengi wao waliuawa na ugonjwa ulioletwa na chakula chenyewe. Mdomoni na kooni mwa njiwa wengi hukaa kijidudu kiitwacho trikomonasi. Mwili wake ni chembe hai moja tu, nacho hujisukuma kwa vimkia vyembamba kama nyuzi. Njiwa mkubwa aweza kuwa nacho bila kuugua, akawaambukiza wenzake kwa maji wanayokunywa pamoja. (Ukifuga njiwa, osha chombo chao cha maji kila siku na kukianika juani, maana kijidudu hiki hakivumilii ukavu.)

Kipanga akimlisha kinda wake nyama ya njiwa huyo, humlisha na kijidudu pia. Vidonda vya rangi ya manjano huota kooni. Vikikua huziba njia ya chakula na ya hewa, na kinda hufa ilhali nyama i mbele yake.

Lakini kipanga mkubwa hula njiwa wale wale. Mbona yeye haugui sana? Wachunguzi walipima majimaji ya midomo yao. Mdomo wa kinda una asidi kidogo kuliko wa kipanga aliyekwisha kuruka, na trikomonasi hustawi penye asidi kidogo. Huenda hiyo ndiyo sababu. Majuma machache ya kiotani ndiyo ya hatari kubwa, na makinda wanaoyavuka ndio wanaoufanya mji wa Tucson uwe na kipanga hadi leo.